Maji ya Somo la Saba

Huko Bura, nyuma ya nyumba ya mzee Elijah, palikuwa na jiwe bapa ambalo watoto hawakuruhusiwa kulikalia. Mzee Elijah alikuwa katekista. Jumapili alisimama mbele ya watu na kuwafundisha sala. Lakini mtoto wa nyumba yake akishikwa na homa isiyosikia dawa, aliwaita wote wa nyumbani hapo kwenye jiwe, asubuhi, kabla ya mtu kuonja uji. Alishika kata ya maji. Kila mmoja alipiga funda, akalipuliza chini kama manyunyu, kisha akasema: kama ni mimi niliyekuwa na hasira na mtoto huyu, au na mama yake, au na yeyote wa hapa, hasira hiyo naitoa, iende na maji haya, mtoto apoe. Wadawida huita jambo hilo kutasa. Hakuachwa mtu. Hata binti yake Dinah, akiwa na miaka sita, alipuliza maji yake na kusema kwamba alimkasirikia dada yake kwa sababu ya mguu wa kuku.

"Umeitoa yote?" baba yake akamuuliza.

"Bado ya kijiko."

"Itoe na hiyo."

Akaitoa. Watu walicheka, na dada yake akapona kabla ya Jumamosi. Dinah hakujua kama ni maji au ni vidonge vya misheni. Alijua tu, kama wajuavyo watoto wote wa kule milimani, kwamba hasira inayofungiwa ndani ya mtu haikai bure. Hutafuta pa kwenda, na mara nyingi humwendea aliye mdogo.

Dinah alisoma mpaka darasa la saba. Mwaka wa sabini na moja aliolewa na Hudson, kijana wa hapo hapo Bura aliyeajiriwa reli. Hudson alikuwa gadi wa treni ya Taveta, mwenye filimbi, bendera ya kijani na bendera nyekundu. Wakapewa chumba Voi katika nyumba za reli, nyumba kumi na moja zilizopangwa mstari mmoja, milango yote ikitazama njia ya treni. Mfereji ulikuwa mmoja, mwisho wa mstari, nao ulitoa maji asubuhi na saa kumi jioni. Kwa mtu aliyezaliwa kwenye ukungu na migomba, Voi ilikuwa kama kukaa ndani ya jiko. Vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye chumvi. Dinah hakulalamika. Alipata mtoto, Reuben, akajua kuliko na kivuli saa ngapi, akazoea.

Hudson aliondoka Jumatatu na Alhamisi saa tatu asubuhi. Alilala Taveta, akarudi Jumanne na Ijumaa jioni. Hivyo ndivyo wiki ilivyokwenda, kwa miaka mitatu.

Siku moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa sabini na nne, Dinah alikuwa akifua shati la kazi la mumewe. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kimeshonwa upya. Kilishonwa kwa uzi wa buluu, na fundo lilikuwa upande wa mbele. Dinah hakuwa na uzi wa buluu. Na hakuna mwanamume wa reli anayejishonea kifungo.

Alilianika shati lile kwenye kamba, akasimama mbele yake mpaka likakauka.

Baada ya hapo aliona mengine. Ndizi za Bomeni, kule Taveta, ambazo Hudson alizileta kila Ijumaa, zilikuwa zimefungwa kwa kipande cha leso ya mwanamke. Sabuni aliyonukia haikuwa ya maduka ya Voi. Mara moja, akimwita Reuben, alianza kwa jina jingine, akajirudi. Jina la mtoto wa kike.

Dinah alitaka kuuliza. Swali lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa na miaka ishirini na mitatu na mtoto mgongoni, na Hudson hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kwamba akiuliza, atajibiwa.

Hapo ndipo kitabu kilipoingia.

Kililetwa na Mbula, jirani yake wa nyumba ya tatu, Mkamba wa kutoka Kibwezi, mnene, mcheshi, ambaye hakuwahi kukanyaga shule. Mchuuzi mmoja alikuwa ameshuka kwenye treni ya Mombasa, akatandika gunia pale stesheni na kupanga vitabu vyake.

"Mama Reuben, wewe si umesoma? Hebu niambie hapa nimenunua nini," Mbula alisema. "Nimetoa mayai sita. Kama ni kitabu cha minyoo ya ng'ombe, huyo mtu nitamfuata mpaka Mtito."

Hakikuwa na jalada. Kurasa nane za mwanzo hazikuwepo pia. Kilianzia ukurasa wa tisa, katikati ya sentensi, na mwandishi wake hakujulikana ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili chake kilikuwa safi, laini, na kila somo lilianza kwa maneno yale yale: Dada yangu mpenzi. Kilikuwa kitabu cha kumfundisha mwanamke jinsi ya kumpata mwanamume, na akishampata, jinsi ya kumweka.

"Basi soma," Mbula akasema, akajiketisha mlangoni. "Mayai yangu yasiende bure."

Siku ya kwanza walikuwa wawili. Siku ya tatu walikuwa sita. Kabla wiki haijaisha, wake wote wa mstari ule walikuwa wakija kwa Dinah saa tisa alasiri, kila mmoja na ungo wake wa kunde za kumenya. Dinah alikuwa msichana wa maneno machache, lakini sauti yake ya kusoma ilikuwa nzuri, na alipoanza Dada yangu mpenzi, hata watoto walinyamaza. Walisoma somo la nywele. Walisoma somo la kukunja nguo za mume ili akizivaa akukumbuke. Walisoma somo la kucheka anapochekesha hata kama kichekesho umekisikia mara mia, na Mbula akasema, "Hilo nalifanya tangu niolewe, na bado hajui kuchekesha."

Priscilla, wa nyumba ya mwisho karibu na mfereji, alikuwa bibi arusi wa miezi minne na kila kitu alikitaka kirudiwe. "Rudia hapo, Mama Reuben. Pale pa macho. Unamtazama wapi kwanza?"

Wakafika Somo la Saba.

*Dada yangu mpenzi. Utakaposikia hatua za mumeo, chukua maji, jaza kinywa. Usiyateme. Yashike akiingia, yashike akivua viatu, yashike mpaka amalize kula. Lile swali ulilotaka kumuuliza litalainika humo ndani ya maji. Kisha yameze, ukitabasamu. Fanya hivyo kila arudipo, naye hatautafuta mlango mwingine.*

"Na akinisemesha?" Priscilla akauliza.

"Utatikisa kichwa," Dinah akasema.

"Na chafya ikija?" Mbula akauliza, na wakacheka mpaka kunde zikamwagika.

Lakini Dinah hakucheka. Aliyasoma maneno yale mara ya pili, kimya. Alihisi utulivu ambao hakuwa ameuhisi tangu siku ya kifungo. Funda la maji. Watu wamekaa pamoja. Hasira inayoondoka. Aliona kama ni kitu cha kwao, kama sauti ya baba yake imemfikia mbali huko kwenye joto.

"Hata kwetu milimani tuna maji kama haya," aliwaambia.

"Kwenu mnameza?" Mbula akauliza.

Dinah akafuta vumbi ukurasani. "Ni maji tu," akasema. "Kutema, kumeza, yote ni maji."

Wakalijaribu hapo hapo. Kila mmoja alileta kikombe. Dinah aliketi katikati, akawahesabia kama mwalimu. Kila mtu alifikirie swali lake, alisema. Wanawake kumi na mmoja walijaza vinywa, mashavu yakavimba, macho yakatazamana. Hakuna aliyecheka sasa. Kisha Dinah akainua kidole, na wote wakameza kwa pamoja. Ilisikika sauti moja tu, nzito, kama jiwe lililotumbukia kisimani.

Reuben alikuwa akicheza na kifuniko cha sufuria pale kizingitini. Alikiacha. Aligeuka, akamtazama mama yake kama mtoto aliyeitwa kwa jina.

Na lazima isemwe ukweli: somo lile lilifanya kazi. Ijumaa ile Hudson alirudi, akakuta mkewe amesimama mlangoni, ametulia, anang'aa. Alikula. Hakuulizwa kitu. Dinah alimeza swali lake na maji yake, na swali likashuka, na kweli hakulihisi tena. Hudson alimtazama kwa muda mrefu. "Siku hizi nyumba hii ina baridi nzuri," akasema. Jumanne alileta leso. Jumanne nyingine alikarabati dirisha. Kwa majirani ilikuwa hivyo hivyo. Katika mstari ule ugomvi uliisha. Awali ungesikia sahani ikirushwa nyumba ya tano, au mtu akiitwa mbwa nyumba ya nane. Sasa hakukusikika lolote. Hata foleni ya mfereji ilikuwa kimya. Wanawake walisogea na madebe yao wakitabasamu, na maji yalishuka debeni, na hakuna aliyemwambia mwenzake amemkanyaga.

Ukipita kwenye njia ya treni saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado juu ya vilima vya upande wa Bura, ungewaona. Kila mlango na mwanamke wake. Wamesimama wima, mashavu yamejaa, macho yameelekea upande mmoja, kule wanaume watakakotokea. Upepo unapeperusha leso zao, wao hawatikisiki. Mafundi wawili wa reli waliacha kupitia njia ile. Walisema wana haraka, wanakata kona.

Mwezi wa sita kuku wa Mbula aliatamia mayai kumi na mawili. Yalipopasuka, vifaranga vyote vilikuwa vimekamilika, vina manyoya, na vyote vimekufa. Priscilla alishika mimba, ikatoka. Bibi wa nyumba ya tano maziwa yake yalikatika, mtoto akiwa wa miezi miwili. Kila mmoja aliletewa pole na wenzake, na kila mmoja aliipokea kwa tabasamu, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wamezoea sasa.

Na mwezi wa saba, Reuben akaanza kuchemka.

Dinah alimpeleka hospitali. Walimtoa damu, wakaitazama, hawakuona kitu. Wakampa dawa, homa ikashuka Jumatano. Ijumaa jioni ikarudi. Jumatatu ikashuka tena. Jumanne ikarudi. Mtoto wa miaka miwili na nusu alikuwa akikonda mikononi mwake, na ngozi yake ilikuwa ya moto kiasi kwamba tone la maji likimwangukia lilikauka mara moja. Dinah alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema, na alitazama. Alijua siku zile. Jumanne na Ijumaa. Lakini jambo lile alilisukuma chini kama alivyosukuma mengine, na halikurudi juu.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane, mama mkwe wake alishuka kutoka Bura kwa lori la mboga. Aliitwa Wakio. Alikuwa bibi mwembamba, mkali, mwenye kapu la kabichi na viazi, na alikuwa amepata habari kwamba mjukuu wake haponi. Lori lilimshusha karibu na stesheni, akaufuata mstari wa nyumba kwa mguu. Ilikuwa ni ile saa. Aliwapita wanawake wale mlango kwa mlango.

"Hamjambo wanangu?"

Wakamtikisia vichwa, wakitabasamu. Hakuna aliyefungua mdomo. Bibi Wakio alifika kwa mwanawe akiwa ameshikilia kapu kwa mikono miwili, mbele ya kifua, kama ngao. Mkaza mwanawe naye alimtikisia kichwa.

Asubuhi ya Jumamosi, Bibi Wakio hakuomba chai. Aliomba kata. Hakukuwa na kata, akapewa kikombe cha bati. Akawatoa nje Hudson na Dinah, akamlaza mtoto mkekani katikati yao.

"Mimi nasali kama ninyi," alisema kwa Kidawida. "Lakini hii nayo tutafanya."

Alianza yeye. Alipuliza maji, akasema aliwakasirikia kwa sababu hawakuja kwenye mazishi ya shangazi yao Gertrude, na kwamba hasira hiyo anaitoa, mtoto apoe. Vumbi jekundu likalowa, likawa na madoa meusi. Hudson akafuata. Alisema amemkasirikia stesheni masta kwa mambo ya zamu. Vumbi likalowa. Dinah akapiga funda. Akalipuliza. Akasema kwa sauti yake nzuri ya kusoma, "Mimi sina hasira na mtu."

Bibi Wakio aliinama, akatazama chini. Akagusa kwa kidole. Mbele ya miguu ya Dinah vumbi lilikuwa kavu, jepesi kama unga. Hata doa moja halikuwepo.

"Maji yako yamekwenda wapi?" akauliza.

Dinah akamnyanyua mtoto mkekani.

Hudson alipokwenda zake kunyoa, bibi alimketisha mkaza mwanawe jikoni. "Jana jioni. Yale maji mliyokuwa mmejaza vinywani, ninyi nyote. Yalikuwa ya nini?"

"Ni somo tu, mama."

"Na mlikwenda kuyatemea wapi?"

"Hatutemi. Tunameza."

Bibi Wakio alikuwa amesimama. Akakaa chini, pale pale sakafuni, bila kutafuta kigoda. "Tangu lini?"

"Mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne! Dinah binti Elijah. Mkiwa mmekaa pamoja, mmeweka hasira mdomoni, mnaimeza. Nani aliwafundisha?"

"Ni mimi."

"Na wewe nani alikufundisha?"

"Kitabu."

"Cha nani?"

"Sijui, mama. Hakina jina."

Bibi alimsikiliza mtoto anavyopumua chumbani. Kisha akasema kwamba Jumatatu asubuhi, kabla ya treni, watarudia, na safari hii Dinah atasema kile anachokijua, mbele ya Hudson, neno kwa neno. "Sikuulizi ni nini. Macho ninayo. Ila ukikificha tena, jiandae kurudi Bura na kisanduku cha kumzikia mtoto."

Jumapili nzima Dinah alikaa na neno hilo. Alijua kitabu kinasema nini, alikuwa amekisoma mwenyewe kwa sauti, Somo la Kumi na Mbili: *mke anayemtaja mwanamke wa nje mbele ya wakwe, dada yangu, huyo amekwisha kumpa mumewe ruhusa ya kuondoka.* Na alimtaka mume wake. Miezi mitano alikuwa amemshika kama mtu anayeshika yai, na hakuwa amempoteza. Alijiambia huenda homa ni homa tu. Huenda itasikia dawa mpya.

Alasiri alichota maji kwa kijiko akamnywesha Reuben. Mtoto alipokea kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hakumeza. Aliyashika maji mashavuni. Akamwinulia mama yake macho, makubwa ndani ya uso uliokauka, akatabasamu. Halikuwa tabasamu la mtoto. Dinah alilifahamu, kwa sababu lilikuwa lake.

"Tema, mwanangu," alimwambia. "Tema, tema, tema."

Mtoto akameza.

Jumatatu saa moja asubuhi Hudson alikuwa amevaa, filimbi shingoni, bendera kwapani. Bibi Wakio akajaza kikombe. Majirani, waliokuwa wakifagia mbele ya milango yao, walisimama na mifagio. Dinah hakungoja zamu. Alichukua kikombe, akapiga funda, na kwanza midomo ilikataa kufunguka. Ilijikaza katika tabasamu lile. Ikambidi aivute kwa vidole. Ndipo maji yakatoka.

"Nimekukasirikia, Hudson," akasema. "Kuna mwanamke Bomeni. Alikushonea kifungo kwa uzi wa buluu. Anazifunga ndizi kwa leso yake ndipo mimi nizile. Kuna mtoto wa kike, unamwita kwa jina hapa ndani ya nyumba yangu. Nimekukasirikia tangu mwezi wa tatu, na nimekumeza kila Jumanne na kila Ijumaa, na mtoto wangu ndiye anayeungua. Naitoa. Apoe."

Vumbi likalowa. Likalowa sana, kuliko maji ya funda moja. Bibi Wakio akasema, "Vema, mwanangu, basi." Lakini Dinah hakuweza kunyamaza. Mdomo uliendelea. Ulisema kwamba Mbula amemkasirikia mumewe kwa sababu alimkataza asiende kumzika mama yake Kibwezi. Ulisema kwamba Priscilla alipigwa teke siku mbili kabla ya mimba kutoka. Ulisema ya nyumba ya tano na ya nyumba ya nane, mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwambia, kwa maneno ambayo si yake, moja baada ya jingine, ya nyumba zote kumi zilizobaki, na maji yakimdondoka kidevuni ingawa kikombe kilikuwa kimelala chini.

Wanawake walimsikiliza wakiwa wamesimama kama miti. Kisha Mbula akatupa ufagio. Akaingia ndani, akatoka na jagi, akapiga funda kubwa akalipuliza mbele ya mlango wake kwa kishindo. "Ni kweli!" akapiga kelele kwa Kikamba, kisha kwa Kiswahili. "Mama yangu alizikwa bila mimi! Wewe Mbuvi, hebu toka nje unisikie!" Priscilla akafuata, akilia. Na mlango wa tano, na wa nane. Mstari mzima ulikuwa ukipuliza maji, na mstari mzima ulikuwa ukipiga kelele, na baada ya miezi mitano ya kimya ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya mabati.

Bibi Wakio aliweka kiganja juu ya kifua cha Reuben. Akakiacha hapo. Akamwangalia Dinah, akatikisa kichwa kukubali. Mtoto alikuwa amelowa jasho, na jasho lilikuwa baridi.

"Sasa wewe," akamwambia mwanawe. "Umetajwa. Piga funda, useme lako, tumalize."

Hudson alichukua kikombe. Alijaza kinywa. Alisimama hivyo, mashavu yamevimba, akimtazama mkewe, kisha mama yake, kisha mtoto. Kule stesheni injini ilikuwa ikipandisha mvuke. Watu wote wa mstari walikuwa wakimtazama yeye. Koromeo lake likapanda, likashuka.

"Hudson," mama yake akasema polepole. "Umemeza."

"Nilikuwa na kiu, mama," Hudson akasema.

Akaokota bendera yake. Dinah alimfuata mpaka kwenye reli. Hakulia, na sauti yake haikuwa ile ya kusoma.

"Baba Reuben, sikufukuzi. Ila ukirudi kesho, rudi umeshatema. Bomeni, njiani, Maktau, popote, kwa Mungu au kwa nani, sijali umemwambia nani. Bila hivyo, mlango huu hutaingia, mwanangu akiwamo."

"Kwa sababu ya maji?"

"Kwa sababu ya maji."

Treni ikaondoka. Siku ile ile Priscilla alikichukua kitabu kwa ncha za vidole, akakiweka kwenye benchi la stesheni na kurudi nyuma kutazama. Treni ya Mombasa ilipopita na kwenda zake, benchi lilikuwa tupu.

Jumanne jioni Hudson alirudi. Hakuna mwanamke aliyekuwa amesimama mlangoni, wote walikuwa ndani wakipika na kugombana. Dinah alikuwa ameketi kizingitini, Reuben mapajani akila ndizi kwa mikono miwili. Mumewe alisimama hatua tatu kutoka kwake.

"Umetema?"

Hudson alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema neno. Akaufunga. Usoni mwake palikuwa na utulivu mzuri sana, na Dinah alipouona utulivu ule, nywele zilimsimama. Akaingia ndani, akamtolea sanduku lake. Hudson akalipokea bila kelele, akamgusa mtoto kichwani. Dinah akamvuta mtoto nyuma. Wiki ile Hudson aliomba kuhamishiwa Taveta, akakubaliwa.

Nyumba ilikuwa ya reli, si ya Dinah. Mwisho wa mwezi, Bibi Wakio, ambaye hakuwa ameondoka, alifunga sufuria za mkaza mwanawe ndani ya mkeka, akajitwika mwenyewe. Hakuna aliyemwomba. Mama wa mwanamume alimfuata mke aliyeachika, na watu wa Voi walilisema jambo lile kwa muda mrefu. Mbula aliwasindikiza mpaka kwenye lori, akimtukana dereva kwa sababu amejaza magunia.

Lori lilipoanza kupanda, hewa ikawa nyepesi. Reuben alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake, amepoa. Kila baada ya kona Dinah alipeleka mkono nyuma, akamgusa shingo, akaurudisha.

"Dinah," Bibi Wakio akasema.

"Naam, mama."

"Na mimi nimekukasirikia. Kwa yule mwanangu. Najua haki iko wapi, lakini ni mwanangu, na amebaki kule na kile kitu tumboni. Nimekukasirikia."

"Sema yote, mama."

"Na chai yako. Majani kidogo, maji mengi. Miaka mitatu."

"Hiyo tu?"

Bibi alifikiri mpaka kona iliyofuata. Kisha akainama nje ya ubao wa lori, akatema mate barabarani, akajifuta mdomo.

"Hiyo tu," akasema. "Nipe mtoto nimpakate, umechoka."

Dinah akamfungua Reuben mgongoni, akampa.